Mgeni Njoo, Shamba Lipone



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Miezi michache iliyopita alitujia mama mmoja wa upande wa Msambweni, amefuatana na wanawe watano. Mumewe alikuwa amefariki, akaacha shamba la minazi na miembe, na ndani yake migomba, mananasi na kisima cha maji baridi. Warithi ni sita: mama, wavulana wawili na mabinti watatu. Hesabu yake ni miongoni mwa hesabu nyepesi kabisa za mirathi. Mjane ana thumuni, na kinachobaki hugawanywa kwa watoto, kila mvulana akipata mara mbili ya binti. Shamba likawa mafungu 8: mama fungu 1, kila binti fungu 1, na kila mvulana mafungu 2.

Tukadhani kazi yetu imekwisha, kumbe ndiyo kwanza inaanza. Kijana mkubwa alitoa karatasi mfukoni. Palikuwa na mnunuzi aliyelitaka shamba lote kwa pesa taslimu, na jibu alilitaka upesi. "Maalim," akasema kijana, "pesa zagawika, mnazi haugawiki." Mama yake alimtazama kwa muda, kisha akatugeukia sisi. "Nami nina swali, Maalim. Katika hayo mafungu 8, sisi wanawake tuna mangapi?"

Tukahesabu mbele yao. Mama moja, mabinti matatu, jumla manne. Nusu ya shamba ni ya wanawake, na hapakuwa na hata mmoja kati yao aliyekuwa ameulizwa kama anataka kuuza.

Hatukuwa na jibu la haraka siku hiyo. Tuliwaomba wasubiri, nasi tukaenda kutafakari kama shamba la aina ile laweza kumlisha mrithi bila ya kumwacha mkononi mwa mnunuzi. Makala haya ni sehemu ya yale tuliyoyapata.

Kwa nini twauza

Hatumlaumu kijana yule. Mashamba mengi ya Pwani yamebaki na miti iliyopandwa na mababu, na waliopaswa kununua mazao yake wamepungua. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilianguka mwaka 1988, na mashamba ya miwa yaliyokizunguka yakakaa miaka mingi bila mvunaji. Kiwanda cha korosho cha Kilifi kikafungwa katika miaka ya 1990, na mkulima wa korosho akabaki mikononi mwa madalali. Kijana aliyekua akiona nazi zikihesabiwa kwa bei ya kutupa, huliona shamba kuwa mzigo. Akija mtu na pesa mfukoni, huona amefunguliwa mlango.

Lakini tumeyaona pia yanayofuata. Pesa ya ardhi huingia nyumbani kama maji ya mvua katika mchanga. Inajengwa nyumba nusu, inafanywa harusi, inanunuliwa pikipiki, na baada ya miaka michache aliyeuza hupita kando ya ukuta mrefu akiwaonyesha wanawe mahali palipokuwa na kisima cha babu yao.

Na huku barabara ile ile inayopita mbele ya mashamba yetu hupitisha wageni kila siku kwenda Diani na kurudi. Mgeni hulala hotelini, hula hotelini, huogelea, kisha hurudi kwao bila ya kujua nazi hukunwa vipi wala nanasi hukua wapi. Kumkaribisha mgeni huyo shambani, akaona kazi, akaonja chakula, akalipa, ndiko kunakoitwa utalii wa mashambani. Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Zama zetu hizi yuko mgeni anayelipa ili apewe jembe siku ile ile ya kwanza.

Funzo la karafuu

Majirani zetu wa Unguja wametutangulia katika jambo hili. Mkarafuu si mti wa asili ya kwetu. Ulitoka katika visiwa vya Mashariki ya mbali, na katika karne ya 19, zama za Sayyid Said bin Sultan, ukapandwa kwa wingi Unguja na Pemba. Tufani ya mwaka 1872 iling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo imekuwa mama wa karafuu. Zao hilo liliziweka nyumba nyingi mjini na shamba, lakini bei yake iliamuliwa mbali. Indonesia ilikuwa mnunuzi mkubwa kwa ajili ya sigara zake za karafuu. Ilipoweza kujitosheleza kwa karafuu yake yenyewe, bei ilianguka katika miaka ya 1980, na mkulima wa visiwani hakuwa na la kufanya.

Ndipo harufu yenyewe ikawa bidhaa. Leo mgeni anayefika Zanzibar hupelekwa Kizimbani, Kidichi na vijiji vya jirani kuzunguka mashamba ya viungo. Mwenyeji huchuma jani, hulifikicha kiganjani, humpa mgeni anuse na abashiri: mdalasini, hiliki, kungumanga, mchaichai au pilipili manga. Kijana hukwea mnazi akaangusha madafu. Mwengine husuka kofia ya makuti. Kisha wageni huketi mkekani kula pilau, na wakiondoka hununua vifurushi vya viungo. Mti ule ule uliokuwa ukilipa mara moja kwa msimu, sasa hulipa pia siku isiyo ya mavuno.

Hata hivyo tusisifu bila ya kupima. Mgeni wa viungo aghalabu hupatikana mjini, na anayempata mjini ndiye anayezishika pesa kwanza. Vijana wanaowaandama wageni katika vichochoro vya Mji Mkongwe, Wazanzibari wamewapa jina la mapapasi, yaani wale wadudu wanaomganda mtu na kumnyonya. Mwenye shamba asiyekuwa na umoja na wenzake huchukua kinachobaki baada ya mapapasi, dereva na wakala. Shamba peke yake halitoshi kumtajirisha mwenyewe, ikiwa hana kauli katika bei.

Wanawake wa Gazi na wa Paje

Mfano wa pili uko hapa hapa Kwale. Kijijini Gazi, wanawake wamejenga njia ya mbao ya takriban mita 300 ndani ya mikoko. Mgeni hutembea juu ya matope bila ya kukanyaga mizizi, huelezwa aina za mikoko na faida zake, na akitaka hupikiwa chakula cha Kiswahili. Pamoja na hayo, wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanalinda hekta 117 za mikoko katika mradi wa Mikoko Pamoja. Tangu mwaka 2013 walioko nchi za mbali huwalipa kwa sababu miti ile hufyonza hewa chafu na kuihifadhi ardhini. Pesa hizo zimeingia katika maji ya kijiji na katika skuli. Mwaka 2017 mradi huo ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa, na vijiji vya Vanga, Jimbo na Kiwegu vikafuata njia hiyo hiyo.

Jimbo na Vanga viko mpakani kabisa na Tanzania. Mikoko haijui mpaka huo. Mti ukikatwa upande mmoja, samaki hupungua pande zote mbili.

Ndivyo ilivyo kwa mwani pia. Kilimo cha mwani cha kuuza nje kilianza Unguja mwaka 1989 katika vijiji vya mashariki kama Paje na Jambiani, na waliokishika hasa ni wanawake. Baadaye kikaingia kwetu Kwale, na wanawake wa Kibuyuni wakawa mashuhuri kwacho. Mama wa Paje na mama wa Kibuyuni hufunga mwani kwenye kamba kwa namna moja, hungoja maji kupwa kwa saa zile zile, na hulalamika kwa neno moja: bei ndogo, na bahari iliyozidi joto ikaudhuru ule mwani wa bei nzuri. Pande zote mbili wamejifunza kutengeneza sabuni ya mwani, ambayo mgeni huinunua kwa thamani isiyolingana na ile ya gunia la mwani mkavu. Basi kwa nini wakae kama wageni wasiojuana, ilhali tatizo lao ni moja na lugha yao ni moja?

Mapatano ya Makureshi

Hapa twaikumbuka sura ambayo mtoto wa chuoni huihifadhi kabla hajaweza kuandika jina lake, nayo ni Suratu Quraish. Sura hiyo inawakumbusha Makureshi neema ya kuzoeshwa safari mbili, ya kipupwe na ya kiangazi, na kuwataka wamuabudu Mola wa Nyumba ile aliyewalisha wakati wa njaa na akawapa amani wakati wa khofu.

Makka ilikuwa bonde lisilo na mimea. Watu wake waliishi kwa mambo mawili: wageni waliokuja kuhiji, na misafara iliyokwenda Yaman na Sham. Wafasiri na waandishi wa sira wanaeleza kuwa Hashim, baba yake Abdul-Muttalib aliyekuwa babu yake Mtume (S.A.W.), ndiye aliyefanya mapatano na watawala na makabila ya njiani ili misafara ipite salama. Jina lake la asili ni Amr. Aliitwa Hashim kwa kuwa alikuwa akiwamegea mahujaji mkate katika mchuzi. Baadhi ya wafasiri wanaongeza kwamba matajiri wa Makka waliwashirikisha mafakiri katika faida ya misafara hiyo, hata maskini wao akakaribia kuwa kama tajiri wao.

Tazameni mambo matatu yaliyokusanyika hapo: mgeni aliyekirimiwa, jirani aliyepatana na jirani, na maskini aliyepewa sehemu. Likikosekana moja kati ya hayo, mengine mawili hayasimami. Nasi watu wa Pwani tuliyajua hayo zamani. Jahazi zilizokuja na kaskazi na kurudi na kusi zilichukua boriti za Lamu na kuleta tende za Ghuba, na nahodha aliyefika Mombasa alikuwa na mwenyeji wake, kama alivyokuwa naye Pemba na Tanga.

Mapatano matatu tunayoyahitaji

La kwanza ni la kijiji. Shamba moja la minazi halimshughulishi mgeni zaidi ya saa moja. Mashamba sita yaliyokubaliana humshughulisha kutwa nzima: hapa anakwewa mnazi, pale anaona asali, kwengine anasukiwa ukili, na adhuhuri anakula kwa mama mmoja wao. Bei iwe moja, na hesabu iandikwe. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyomo katika Suratul Baqara, ni ya kuandikiana madeni. Vipi basi tuone haya kuandikiana ndugu? Na asiyekuwa na shamba asiachwe nje. Mtume (S.A.W.) aliwapa watu wa Khaybar, mwaka wa 7 wa Hijra, mashamba na mitende waihudumie kwa nusu ya mavuno. Wanazuoni wakatoa humo hukumu za muzaraa na musaqat, yaani ushirika wa mwenye ardhi au miti na mwenye nguvu za kuihudumia. Kijana asiye na urithi anayo mikono yake.

La pili ni la kaunti. Kaunti sita za Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta zina umoja wao uitwao Jumuiya ya Kaunti za Pwani. Umoja huo utapimwa kwa mambo madogo. Je, gari la maembe kutoka Tana River litalipishwa ushuru wa mazao katika kila kaunti linamopita? Je, mgeni aliyekuja Lamu kwa ajili ya mji wa kale ataelekezwa kwenye mashamba ya nazi ya Kilifi na ya ndizi Taveta, au kila kaunti itamvuta upande wake mpaka ichanike nguo? Tunawaomba magavana wetu wayajibu haya kwa vitendo, kwani mikutano imekuwa mingi.

La tatu ni la nchi kwa nchi. Machungwa tunayomenya Mombasa mengi hutoka Muheza, yakapitia Horohoro na Lungalunga. Mama zetu wengi hufanya biashara mpakani hapo bila ya kujua haki yao. Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulianza kazi mwaka 2005, na bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zenye thamani isiyozidi dola 2,000, zina cheti chepesi cha asili kinachotolewa pale pale mpakani ili zisitozwe ushuru wa forodha. Mimea na matunda bado huhitaji cheti cha afya ya mimea, na haki hii haiondoi kodi nyengine. Lakini anayeijua hatishiki kirahisi na dalali wa mpakani. Kuhusu wageni, mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilianzisha viza moja ya utalii. Tanzania haikuwamo. Kwa hivyo mgeni aliyeko Shimoni, ambaye Pemba iko karibu naye kuliko Malindi, hawezi kuifikia kwa viza hiyo. Viongozi wa pande mbili wakilitatua hili, mashamba ya Kwale, Tanga na visiwani yatakuwa ziara moja.

Ukulima uwe shina

Kuna khofu mbili ambazo mama zetu wamekuwa wakitueleza, na zote ni za haki. Ya kwanza ni kwamba utalii utalimeza shamba. Waitaliano, tuliowazoea Malindi na Watamu, walilifikiria hilo kwao. Vijiji vyao vilipokuwa vikihamwa, walitunga sheria mwaka 1985 ya kumruhusu mkulima kupokea wageni shambani, kwa sharti kwamba ukulima ubaki kuwa kazi kuu na wageni wawe nyongeza yake. Aliyeacha kulima hana ruhusa ya kujiita shamba la wageni. Sharti hilo lafaa liandikwe katika kila mapatano yetu. Mgeni huja kwa sababu ya mnazi. Ukikatwa mnazi ili kujengwa chumba cha mgeni, kesho atakuja kutazama nini?

Khofu ya pili ni ya dini na heshima. Twasema wazi: kumkirimu mgeni ni katika imani, na Mtume (S.A.W.) ametuhimiza hilo hata akataja haki ya mgeni kuwa ni siku tatu. Lakini ukarimu haumwondolei mwenyeji mamlaka ya nyumba yake. Masharti yasemwe mapema, kabla mgeni hajafika: mavazi ya stara, hapana pombe, hapana picha za wanawake wala watoto bila ya idhini, na wakati wa swala kazi husimama. Mwanamke asikae faragha na mgeni wa kiume. Wafanye kazi kwa kikundi, na hiyo ndiyo faida nyengine ya ushirika. Mgeni mwema hayachukii masharti haya, na familia nyingi za Kiislamu, za Nairobi, za Ghuba na za kwengineko, zinatafuta mahali pa namna hiyo hasa. Tusisahau pia wageni wa karibu kabisa, watoto wetu wa mijini wanaokula matunda wasiyojua yalikotoka.

Shamba la mafungu 8

Tukarudi kwa jamaa wetu wa Msambweni. Tuliwaeleza kuwa shamba laweza kubaki lao kwa ushirika bila ya kukatwa, na wakagawana manfaa yake kwa zamu au kwa mafungu. Jambo hilo katika fiqhi huitwa muhayaa. Tukawaeleza kuwa anayetaka kuuza fungu lake hazuiwi, lakini washirika wenzake wana haki ya shufaa: wao ndio wa kwanza kununua kabla ya mtu wa nje. Na tukamwambia kijana mkubwa, kwa upole, kwamba hana idhini ya kuuza hata shina moja la mafungu yasiyokuwa yake.

Walikubaliana kusubiri mpaka msimu wa maembe upite. Mabinti wakazungumza na mashamba matano ya jirani. Wageni wao wa kwanza walikuwa watoto 42 wa madrasa moja ya Mombasa pamoja na walimu wao. Mtoto mmoja aliinua macho akitafuta mti unaoangusha mananasi, na kijana yule yule aliyekuwa na karatasi mfukoni ndiye aliyechutama naye chini, akamwonyesha nanasi katikati ya majani.

Pato la siku hiyo lilikuwa dogo, nao waliligawa kwa mafungu 8, wakaandika katika daftari. Mama alipotuletea daftari hilo tulione, tulimuuliza habari za mnunuzi. "Bado apiga simu, Maalim," akasema. "Na mwanangu bado huipokea."

Basi jambo halijakwisha, na wala si la nyumba moja. Tunawaomba mama zetu na dada zetu: kabla ya karatasi yoyote ya shamba kutiwa saini, ulizeni mafungu yenu ni mangapi. Tunawaomba ndugu zetu wanaume wawajibu kwa haki. Na wenye mashamba wakutane wiki hii na jirani zao, hata kama ni kwa kahawa tu barazani, wazungumze nani ana nini cha kumwonyesha mgeni.

Mwenyezi Mungu azibariki ardhi zetu, awape mama zetu haki zao, na atujaalie kuwa wenye kusaidiana katika mema. Amin.

Wabillahi tawfiq.